Binti wa Abrahamu Kidole

"Padre, ndoa hiyo mimi naipinga."

Kanisa zima likageuka. Aliyesimama alikuwa Kristina, mjane wa mtaa wa Nguvumali, na ndoa iliyokuwa ikitangazwa Jumapili ile ya mwaka hamsini na nne ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Luka, fundi wa reli. Anjela, mchumba mwenyewe, akalishika benchi la mbele yake. Alijua kinachokuja.

"Msichana huyu ni binti wa Abrahamu Kidole."

Minong'ono ikazagaa. Upande wa Muheza nani asiyelijua jina lile? Wakati wa vita vya Mjerumani, wanaume wa kijiji walijificha msituni wasije wakabebeshwa mizigo ya jeshi. Abrahamu akawaonyesha askari maficho yao kwa kidole. Wakafungwa kamba shingoni, wakaswagwa, wasirudi tena. Mmoja wao, Hosea, alikuwa baba yake Kristina.

Nje ya kanisa Luka akamshika Anjela mkono.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku uliponitajia babu yako."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa kukukosa. Kila nikisema leo nitamwambia, unanitazama kwa jicho lile, nashindwa."

Luka akauachia ule mkono taratibu.

Wiki haijaisha, akaja nyumbani kwa shangazi yake Anjela. Alimkuta kwenye cherehani.

"Mama amekubali. Ila useme mbele za watu kwamba huna baba, na mzee asikanyage harusini."

Anjela akaacha kushona.

"Alilolifanya halina utetezi, na mwenyewe hajitetei. Lakini mama yangu alipofariki, baba ndiye aliyekuwa akinisuka nywele, kwa vidole hivyo hivyo, mistari imepinda mpaka wenzangu wakanicheka. Siwezi kumkana, Luka. Hata kwa ajili yako, na Mungu anajua ninavyokupenda."

Luka akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Nipeleke kwake," akasema.

Mzee Abrahamu aliishi Kigombe, peke yake, kibandani pembeni mwa shamba la mkonge. Walimkuta akipalilia mihogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mjukuu wa Hosea."

Jembe likamponyoka.

"Kwa nini uliwaonyesha?" Luka akauliza.

"Waliniahidi sitabebeshwa mzigo. Nilikuwa kijana, nikaogopa. Hakuna zaidi ya hapo."

"Babu yangu alisema nini?"

Mzee akaliinamia jembe, akaliokota.

"Wenzake walinilaani. Yeye alinitazama tu, akasema, 'Abrahamu, mwambie Kristina yule mbuzi mweupe ni wake.' Sikuthubutu kwenda kumwambia. Nikakihama kijiji."

"Basi utakwenda kumwambia sasa."

Anjela akamtazama mchumba wake. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, Luka aliutafuta mkono wake.

Kristina alikuwa barazani akichambua mchele. Alipomwona anayekuja, akaweka ungo chini, na salamu hakuiitikia. Mzee akaketi chini, kwenye mchanga, akayatoa yale maneno ya Hosea kama alivyoyapokea.

Kristina akauvuta tena ungo, akachambua punje mbili tatu.

"Ami zangu walipomkatia tamaa baba, walimchinja yule mbuzi kwenye matanga," akasema mwishowe. "Nikalia, nikachapwa. Wakasema mtoto gani huyu anamlilia mbuzi." Akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Kumbe alikuwa wangu."

Akamgeukia mzee.

"Sijakusamehe, Abrahamu."

"Sikuja kuliomba hilo, mama."

"Harusini njoo. Utakaa benchi la nyuma."

Siku ya harusi mzee alikaa huko huko nyuma, benchi zima peke yake, watu wamebanana kwingine. Anjela alipoingia na shangazi yake, akasimama pale, akamnyooshea mkono.

"Baba, inuka twende."

Mzee akatikisa kichwa, macho yake kwa Kristina aliyekaa mbele. Kristina akageuka.

"Mlete mtoto wako, Abrahamu. Mwanangu anasubiri."

Mzee akainuka. Walikwenda polepole, maana miguu yake ilikuwa mizito, na Luka hakungoja wafike. Akashuka kuwapokea njiani.