Pipi Mbili Kabla ya Mkate

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Saa hiyo inajulikana vizuri, maana mwoka mikate alikuwa na mazoea ya kutazama saa ya ukutani kila alipotoa mkate wa kwanza tanurini. Akishaitazama, anaita: "Kionjo! Njoo useme!"

Kionjo alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani halikuja bure. Miaka mitatu nyuma baba yake aliugua homa kali. Alipopona, pua yake ilikuwa imekufa. Hanusi, haonji. Chumvi na sukari vikawa kwake mchanga mtupu. Mwoka mikate wa namna hiyo ni sawa na fundi cherehani asiyeona tundu la sindano, basi mkewe akawa ndiye anayeonja. Kisha mke naye akafa, kwenye foleni ya hospitali, dawa ikiwa ndani ya kabati na mwenye ufunguo wa kabati yuko kwenye semina. Kazi ya kuonja ikamwangukia binti.

Mama alikuwa ameshamfundisha. "Suuza kinywa kwa maji matupu," alizoea kusema. "Uma ganda, kisha uma sehemu laini ya ndani. Tafuna mpaka kiishe. Hesabu moja mpaka ishirini, ndipo useme. Usiseme kwa sababu baba yako ana haraka."

Ila kulikuwa na kopo. Kopo la pipi za mnanaa, kwenye rafu ya juu ya magunia ya unga. Baba alilinunua mwezi ule waliomzika mama, ili mtoto asiamke kila alfajiri akilia. Sharti lilikuwa pipi moja, na baada ya kuonja. Miezi michache ikapita, ikawa moja kabla na moja baada. Mwishowe zikawa mbili kabla, na baba amempa mgongo, uso kwenye tanuri, ataona wapi? Kusuuza kinywa kukaachwa. Kuhesabu kukaachwa. Kila asubuhi Kionjo alisema "Mzuri," na kila asubuhi mkate ukawa mzuri kweli. Mazoea mabaya yana adabu sana mwanzoni, hayapigi kelele.

Asubuhi ile ya Jumatano alikuja akijikokota, jicho moja limefumba, shavu limevimba kwa pipi.

"Haya, mama, sema," baba akamkatia kipande.

Kionjo akakitia kinywani, akakisukuma upande wa pili wa shavu, akatafuna mara mbili, akameza. Kwa mbali kabisa, nyuma ya mnanaa, ulimi ulihisi kitu. Kitu kama ukali. Akadhani ni pipi.

"Mzuri, baba."

"Chumvi?"

"Imekaa."

"Ndiyo maana nakupenda. Ulimi wa mama yako huo huo!" Baba akacheka, akapanga mikate mia moja na ishirini kwenye makreti, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akaisukuma kwa mkokoteni hadi shuleni. Unga ulikuwa wa ofisi ya ugavi, uliletwa jana yake kwa lori la ofisi. Kazi yake yeye ilikuwa kuoka tu.

* * *

Saa nne, wakati wa mapumziko, viranja waligawa mikate darasa kwa darasa, wakianza na darasa la kwanza kama kawaida. Kionjo alikuwa darasa la sita, bado hata mkono hajanyoosha, aliposikia makelele kwenye ukumbi wa nje.

Alikuwa mpishi wa shule, mama mnene mwenye mwiko mkononi hata akienda chooni, ndiyo maana watoto walimwita Mama Mwiko. Alikuwa anakimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Temeni! Temeni hapo hapo! Usimeze wewe!" Alikuwa akiwapokonya watoto mikate mikononi, wengine akiwatia kidole mdomoni. "Mkate una mafuta ya taa!"

Mama Mwiko alikuwa na mazoea yake. Hakuna chakula kilichopita mlangoni pake asikionje, hata kama si yeye aliyekipika. Siku ile aliwahi darasa la pili, la tatu, la nne na yaliyofuata. Darasa la kwanza hakuliwahi.

Watoto saba walitapika mpaka wakalegea. Wa saba alikuwa mdogo wake Kionjo, wa miaka saba, aliyependa kula haraka ili aombe kipande cha mwenzake.

Walilazwa zahanati siku tatu. Alhamisi jioni Kionjo na baba yake walikaa kando ya kitanda cha mtoto huyo. Baba hakutulia. Alikuwa anasema na dari.

"Nilijua! Jiko lile la shule lina dumu la mafuta ya taa pembeni, nimeliona kwa macho yangu. Nimepeleka mkate safi, wao wakauweka karibu na dumu. Mimi wameniulia mke kwa uzembe, sasa wanataka na mtoto. Hawa wakubwa na watu wao! Kesho kwenye mkutano wa wazazi nitasema mpaka wazibe masikio."

Mdogo wake akageuza kichwa kwenye mto. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Dada, wewe uliuonja ule mkate?"

"Niliuonja," alisema Kionjo.

"Basi walikuharibia kule jikoni," mtoto akasema, akampapasa mkono kama mtu anayempa pole.

Kionjo akatoka nje akasimama karibu na bomba la maji. Alisuuza kinywa. Alisuuza tena na tena, mpaka muuguzi akamuuliza kama naye anataka kutapika.

* * *

Ijumaa mkutano ulifanyika katika darasa la saba. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mbele alikaa mwalimu mkuu, na kando yake mkubwa kutoka ofisi ya ugavi, ambaye wote walimwita Bwana Ugavi. Alikuwa na faili, kalamu tatu mfukoni, na chupa ya maji yake mwenyewe.

"Tusipoteze muda," Bwana Ugavi alisema. "Ofisi imekagua. Jikoni kuna dumu la mafuta ya taa. Mpishi ndiye wa kwanza kujua kwamba mkate una mafuta. Alijuaje? Kwa hiyo mpishi ataachishwa kazi kuanzia leo. Nasaini hapa, na suala limekwisha."

"Nilijua kwa sababu nilionja!" Mama Mwiko alisimama, mwiko umebaki nyumbani, mikono haijui pa kukaa. "Dumu langu lina kifuniko, na lipo chini ya meza, mikate ilikuwa barazani. Nina miaka kumi na tisa katika jiko lile. Mwulizeni hata mmoja hapa kama mwanawe amewahi kuumwa tumbo."

"Wakati wote mna maneno," alisema Bwana Ugavi, akafungua kalamu.

Mwoka mikate akanyoosha mkono. "Mimi nina ushahidi. Mkate wangu ulitoka safi. Nasema mbele ya watu wote, na shahidi yupo. Huyu binti yangu anaonja kila asubuhi kama marehemu mama yake alivyomfundisha. Akisema mzuri, ni mzuri. Kionjo, simama. Waambie."

Kionjo alisimama. Watu wote wakageuka. Alimwona Mama Mwiko akimtazama, si kwa hasira. Alikuwa anamtazama kama anavyotazama sufuria ambayo hajajua kama imeiva. Huyu ndiye aliyekimbia darasa kwa darasa akiwatoa watoto mkate mdomoni. Leo atafukuzwa kwa kazi hiyo hiyo.

"Waambie, mama," baba alirudia kwa upole. "Usiogope. Sema tu."

Neno moja lilikuwa linatosha. Alikuwa amelisema kila siku kwa zaidi ya mwaka, lilikuwa limeshazoea njia.

"Sikuonja," alisema Kionjo.

Kalamu ya Bwana Ugavi ikasimama.

"Sikuonja, baba. Nilikuwa na pipi mbili mdomoni. Nilihisi kitu kikali nikadhani ni mnanaa. Sikusuuza, sikuhesabu. Nilisema tu mzuri." Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni lakini hakuyafuta. "Mkate ulitoka kwetu vile vile. Mama Mwiko hana kosa. Na mdogo wangu nilimdanganya akiwa kitandani."

Baba yake alibaki amesimama, mkono bado uko juu kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuwa anaonyesha.

"Siku hiyo tu?" aliuliza taratibu.

Kionjo akatikisa kichwa. "Siku nyingi."

Baba akakaa. Akatazama viganja vyake vyenye makovu ya tanuri. Kisha akainuka ghafla, akatoka, na watu wakadhani amekwenda kulia au kuchapa kitu. Duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Baada ya dakika chache alirudi na gunia tupu la unga begani. Lilikuwa limetandikwa mlangoni watu wafutie miguu.

"Mimi pua yangu imekufa, mnajua wote," alisema. "Dada, nakuomba, nisaidie."

Aliyemwita dada ni yule yule mpishi ambaye dakika chache kabla alitaka afukuzwe kazi. Mama Mwiko akalichukua gunia, akaliinamia pembe moja, kisha nyingine. Pembe ya tatu akakunja uso.

"Hapa," alisema. "Lililowa hapa. Nusa, mwalimu."

Mwalimu mkuu akanusa, akakohoa. Gunia likapita mkono hadi mkono, na kila aliyelinusa alilipeleka mbele haraka. Lilipofika kwa Bwana Ugavi, hakulinusa. Alilitazama kama vile lingeweza kumuuma.

"Hili limeletwa Jumanne na lori la ofisi," alisema mwoka mikate. "Nilipoteremsha magunia kulikuwa na pipa la mafuta ya taa juu yake, nikadhani wanajua wanachofanya. Risiti ya mzigo imeandikwa 'Umekaguliwa', na sahihi yako ipo, bwana mkubwa. Ulikagua?"

Bwana Ugavi akanywa maji. "Hilo litaangaliwa."

"Nani ataliangalia?"

"Ofisi itaunda kamati." Alifunga faili, akaondoka bila kusaini chochote, na Mama Mwiko akabaki na kazi yake.

* * *

Wazazi walipotawanyika, mwoka mikate alisimama mbele ya mpishi akiwa amevua kofia.

"Nilikusema vibaya, dada. Zahanati, barabarani, na hapa mbele ya watu. Nisamehe. Nimezoea kulaumu mpaka nikilaumu sihitaji hata kutazama."

"Nimekusamehe," alisema Mama Mwiko. "Lakini mkate nitauonja mara mbili." Akamgeukia Kionjo, aliyekuwa amesimama mlangoni akijikunja. "Na wewe njoo hapa. Unaniogopa?"

"Najiogopa mwenyewe, shangazi."

"Afadhali. Sikiliza, mwanangu. Mimi sionji chakula kwa sababu mwalimu mkuu ananitazama. Hajawahi hata kuja jikoni. Naonja kwa sababu kuna mtoto atakayekula bila kuuliza, anaamini kuna mtu ameshauliza kwa niaba yake. Wewe hukuanza na uongo mkubwa. Ulianza na pipi moja mapema kidogo. Vitu tunavyovipenda si dhambi, lakini tukiviacha vitangulie kazi, ndivyo vinavyotufundisha tabia. Leo umesema kweli mbele ya watu wazima sitini. Hiyo ni nzuri. Sasa kaiseme kesho alfajiri, pale ambapo hakuna anayekutazama. Ndipo pagumu."

"Kopo nililinunua mimi," alisema baba.

"Basi na wewe una lako la kujifunza," alijibu mpishi, akaenda zake.

Jioni hiyo Kionjo alikwenda zahanati kabla hata ya kuvua sare. Alimwambia mdogo wake ukweli wote, polepole, akiwa ameshika ukingo wa kitanda. Mtoto alifikiri sana.

"Kwa hiyo hawakukuharibia?"

"Niliharibu mwenyewe. Ila na wengine waliharibu kabla yangu."

"Pipi zimebaki ngapi?" mtoto aliuliza.

Kopo liliondolewa rafuni, likawekwa nyumbani, mbali na tanuri. Watoto wote saba walirudi shuleni Jumatatu. Asubuhi hiyo, saa kumi na mbili kasoro robo, baba alitoa mkate wa kwanza akaita. Kionjo alikuja na kikombe cha maji matupu. Akasuuza. Akauma ganda, akauma sehemu laini, akatafuna mpaka kikaisha. Baba alisimama akisubiri, hakumharakisha, mpaka akafika ishirini.

"Chumvi imepungua," alisema Kionjo.

Baba akarudisha donge zima la unga lililobaki kwenye beseni, akalikanda upya bila kunung'unika.

Kila mwisho wa mwezi wawili hao huvuka mji kwenda ofisi ya ugavi. Kuna benchi refu ukumbini, na dirisha dogo lenye kioo. Mara ya mwisho karani aliwaambia kamati bado haijakaa. Baba alianza kupandisha sauti, lakini Kionjo akamgusa mkono, akasogea mwenyewe dirishani. Kimo chake kilifika kwenye kioo kwa shida.

"Shikamoo. Mimi ndiye mtoto aliyesema mkate ni mzuri bila kuonja," alimwambia karani. "La kwangu nimeshalisema mbele ya watu. Sasa tunauliza: yule aliyeandika 'Umekaguliwa' bila kukagua, yeye atasimama lini?"