Usiambie Mutu

Jua lilikuwa limeegemea upande wa Kongo, na Suzanne hakutaka umande uwakute samaki wake nje.

"Cadette! Enda okota chisense mbele umande ianguke. Na usikawie kule, unasikia?"

"Niko naenda, tantine."

Cadette akajitwika beseni, akashika njia ya mchanga inayotoka nyuma ya soko la Kashikishi kuelekea ziwani, mahali ambapo mama mdogo wake alianika chisense, wale samaki wadogo wanaong'aa kama sindano. Alikuwa na miaka kumi na sita. Ukimwona ungesema ni msichana aliyetumwa kazi ya kila siku. Lakini simu aliyoificha kifuani ilikuwa imetetemeka punde tu, ikaleta neno moja.

*Leo.*

Mambo yalianzia shuleni. Cadette alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Vita vilipowafukuza alivuka na mama yake, mama akafia kambini, na Suzanne, mdogo wa marehemu, akamchukua kuishi naye Nchelenge, upande huu wenye soko la Kashikishi. Darasani walisoma kwa Kiingereza, nje wakacheza kwa Kibemba, na kila alipofungua kinywa Kiswahili kilimponyoka katikati. Wenzake walicheka. Aliyecheka kuliko wote ni msichana mmoja aitwaye Matildah, mwenye kicheko kama chupa inayovunjika. Cadette akajifunza kunyamaza.

Ndipo namba asiyoijua ilipomwandikia. Haikuandika Kiingereza, wala Kibemba.

*Cadette, juu ya nini unalia pale nyuma ya choo? Miye niko nakuona.*

Kiswahili cha Pweto. Kiswahili cha mama yake.

Akaingizwa kwenye kundi lililoitwa Batoto ya Maji. Picha ya kundi ilikuwa ya mwanamke anayechana nywele ndefu, na kutoka kiunoni kwenda chini ni samaki. Hakuna mtoto wa Katanga, jimbo la Pweto, asiyemjua huyo. Ni mamba muntu. Wakubwa husimulia kwamba humtajirisha anayetunza siri yake, na humzamisha anayeitoa. Cadette alitabasamu tu, akajiambia ni mchezo wa simu.

Kundi lilitoa majaribio. Usiongee na mutu wa nyumbani mpaka kesho. Usikule. Kata nywele yako, uizike mchangani, utume picha. Aliyefaulu alimiminiwa mioyo na maneno matamu, na kwa mara ya kwanza tangu avuke ziwa, Cadette alilala akijiona mtu wa watu. Alikonda. Suzanne aliuliza, hakujibiwa.

Alipotaka kutoka kwenye kundi, ujumbe ulikuja kabla hajagusa kitu.

*Ukitoka, ao ukisema, tantine yako akivuka kwenda Kilwa hatarudi. Usiambie mutu.*

Na Suzanne alivuka ziwa kila wiki kwenda huko Kilwa ya Kongo, kupeleka samaki na kurudi na vitenge na sabuni. Cadette akabaki.

Sasa alifika pale penye samaki. Hakuokota hata mmoja. Aliweka beseni chini, akapita mitumbwi iliyopinduliwa, akaenda mpaka kwenye matete, alikoagizwa na kundi aende siku neno lile likija.

Upepo ulikuwa umekufa. Vyura walikuwa kimya. Palinuka samaki, kama siku zote, na juu ya harufu hiyo palinuka kitu kingine… mafuta ya nywele. Mazito, matamu. Kana kwamba mtu alikuwa anasukwa pale karibu.

Mchangani palikuwa na viatu vya shule. Sketi imekunjwa vizuri. Na simu iliyoegemezwa kwenye jiwe, taa yake ikimulika maji.

Cadette akafuata mwanga kwa macho.

Kulikuwa na mtu majini.

Maji yalimfika kifuani. Alikuwa ameipa mgongo nchi kavu, hatikisiki, hatetemeki. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na upara, pale nywele zilipokatwa.

Alimjua kwa mabega.

"Matildah?"

Hakugeuka. Alipiga hatua moja mbele. Maji yakamfika mabegani.

Simu ya Cadette ikatetemeka. Safari hii ilikuwa sauti. Hakuibonyeza. Ilijifungua yenyewe. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

"Muache ule mutoto. Si njo yeye alikuwa anakucheka? Muache aende. Nyuma yake, zamu yako weye."

Na niseme ukweli kama alivyousema mwenyewe baadaye: alisimama. Alikumbuka kile kicheko cha chupa, na kwa kitambo kifupi alitaka kuona maji yakimfunika.

Kisha akaelewa kitu kilichomwuma kuliko woga. Matildah naye alikuwa analia mahali fulani nyuma ya choo. Naye kuna aliyemwona. Wamekaa dawati kwa dawati muda wote huo, kila mmoja amefungwa mdomo kwa uzi uleule.

"Cadette," sauti ikasema, "ukifungua kinywa, Suzanne atakufa."

Hasira ilimpanda kutoka nyayoni.

"Apana!" akapiga kelele. "Apana! Tantiiine! Bamama! Mutu iko anazama! Kuyeni huku! Kuyeni!"

Akarukia majini. Yalikuwa baridi kuliko maji ya ziwa yanavyopaswa kuwa msimu wa joto. Akamfikia Matildah maji yakiwa kidevuni, akamshika kwapani, akavuta.

Hakusogea.

Akavuta tena. Matildah alikuwa msichana mwembamba, lakini alikuwa mzito kama mtumbwi uliojaa maji. Kitu kilikuwa kinavuta upande wa pili. Polepole. Kwa uvumilivu. Cadette akasikia kitu laini kinapita katikati ya vidole vya miguu yake.

Nywele.

Hapo akaanza kusema. Hakujua kwa nini. Ulimi ulifunguka wenyewe. Alisema kwa sauti ya mtu anayenadi samaki.

"Banaitwa Batoto ya Maji! Bananiandikia kila siku! Balinikataza kula! Balinikatisha nywele! Balisema tantine atakufa, na mi nikanyamaza! Miye Cadette wa Pweto, sitanyamaza tena! Na huyu ni Matildah! Matildah! Unasikia jina yako?"

Kila alilolisema, uzito ulipungua. Anaapa hivyo mpaka leo.

Matildah akakohoa. Akafumbua macho kama anayeamshwa usingizini, akaanza kupiga mayowe. Na kutoka sokoni wakaja wanawake, khanga na vitenge vimepandishwa, Suzanne mbele yao wote, mabeseni ya watu yakipinduka njiani. Wakaingia majini wameshikana mikono, wa mwisho akiwa amesimama nchi kavu, wakavuta kama wanaovuta wavu. Wasichana wawili wakatoka.

Kwenye kifundo cha mguu wa Matildah palikuwa na kitu cheusi kimezunguka mara nyingi, kimekaza mpaka ngozi imechubuka. Mvuvi mmoja alikikata kwa kisu, akasema ni wavu mzee, akakitupa kwenye moto wa wakausha samaki. Harufu iliyotoka haikuwa ya wavu. Wanawake walitazamana. Mama mmoja akaanza wimbo wa kanisani, na wengine wakampokea.

Polisi walichukua simu zote mbili. Ofisa aliyewahoji alikuwa mtu mpole. Alisema makundi ya namna hiyo yapo, wahalifu wa mbali huwawinda vijana wenye majonzi, huwapa amri ndogo, kisha kubwa, kisha ya mwisho. Sauti siku hizi zinatengenezwa na mashine. Cadette aliamini. Shuleni alisimama mbele ya wanafunzi wote, akaeleza kwa Kiingereza chake kibovu, na palipokosekana neno Matildah alimtilia la Kibemba. Hakuna aliyecheka. Baada ya hapo wengine watatu walimfuata mwalimu, wakiwa wameshika simu zao kama mtu anavyoshika nyoka aliyekufa nusu.

Swali moja tu ofisa hakulijibu. Aliangalia zile jumbe, akamwita mfasiri, wakanong'ona, akafunga faili. Ni mhalifu gani wa mbali anayeandika Kiswahili cha Pweto?

Wiki iliyofuata Suzanne alifunga mizigo kwenda Kilwa. Cadette alimshika kitenge.

"Tantine, usiende. Ilisema hautarudi."

"Njo sababu nitaenda," Suzanne akajibu. "Nikibaki, nitakuwa nimeitii."

Akapanda boti. Cadette alikaa ufukweni siku zote hizo, hakula vizuri, hakulala vizuri. Boti ilirudi. Suzanne alishuka amebeba katoni ya sabuni kichwani, akilalamika njaa.

Jioni hiyo walikaa kula bukari, ule ugali wa kwao, mlango umerudishwa. Simu ya Suzanne ikalia. Ile ya biashara, ambayo namba yake waliijua wateja tu.

*Suzanne. Mutoto yako ameongea.*

Tonge likamponyoka Cadette mkononi. Chumbani mkaanza kunuka mafuta ya nywele.

Suzanne alinawa vidole taratibu. Akachukua simu, akabonyeza kitufe cha sauti.

"Ndiyo, ameongea. Na kesho ataongea tena, ku soko, ku kanisa, ku masomo. Weye njo unajificha. Kuya mchana, bantu bakuone sura."

Akatuma. Alama mbili zikageuka buluu. Imesikilizwa. Halafu juu ya kioo, chini ya ile namba, likatokea neno moja.

*anaandika…*

Walingoja. Bukari ikapoa.

*anaandika…*

Cadette akainuka. Akafungua mlango mpaka ukagonga ukuta, akaanza kuita majirani kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

Mama Kabwe alifika wa kwanza, mikono imejaa povu la sabuni. Akainama juu ya kioo.

Kitu kile bado kilikuwa kinaandika.