Mnunuzi wa Tŷ Halen

Jumamosi ni siku ya kubadilisha wageni, na Heledd hakuwa na muda wa kutazama wanaume. Wageni wa wiki iliyokwisha walitoka kwenye nyumba za likizo saa nne asubuhi, wapya waliingia saa kumi jioni, na katikati hapo nyumba tatu zilimngoja na mashuka na ndoo zake. Foleni ya duka la mikate ilifika barabarani. Mbele yake alisimama mtu mrefu, sweta la kijivu limetoboka kiwikoni, akinunua keki zote zilizobaki.

"Niachie mbili, kaka," Heledd akamwambia. "Wewe uko likizo, mimi niko kazini."

Yule mtu akamjibu kwa Kiwelisi safi, lugha ya wenyeji, na kumpa nne. Kwa watu wa rasi ya Llŷn hapo ndipo mazungumzo huanza. Heledd akamuuliza yeye ni wa nani, akaambiwa ni Emrys, mwalimu wa hesabu kutoka Cardiff, na babu yake alichunga kondoo ng'ambo ya mlima. Alikuwa amepanga Tŷ Halen kwa wiki mbili. Heledd akacheka, maana ndiyo nyumba aliyokuwa anakwenda kuideki.

Wiki ya kwanza walitembea juu ya majabali wakitazama sili, wanyama wa baharini wenye manyoya, wakielea mawimbini. Emrys alipiga simu mara tatu kwa siku, ingawa Heledd aliishi mlango wa pili na angeweza kumwita tu.

"Bomba la jikoni linavuja," alisema.

"Linavuja, au unalilegeza?"

"Nalilegeza. Njoo, mpenzi."

Heledd alienda. Alikuwa amependa, na hakujidanganya. Ila alimweleza wazi kwamba kijiji kina nyumba arobaini, na wakati wa baridi zenye watu ni kumi na moja tu, kwa kuwa wenye nyingine huja Agosti na kuondoka. Bibi yake alizaliwa Tŷ Halen, ikauzwa. "Siwezi kumpenda mtu wa Agosti," alisema.

Alhamisi ya wiki ya pili, dalali wa nyumba alipofuata funguo kwa Heledd, alimwambia Tŷ Halen, iliyokuwa ikiuzwa tena, imepata mnunuzi, mwalimu mmoja wa Cardiff. Mtu mwingine angekwenda kuuliza. Watu wa kule hawaulizi jambo kama hilo: akinunua amenunua, utamsalimia kwa habari za mvua na kufunga mlango. Heledd akapitisha karatasi chini ya mlango wa Emrys, akimwandikia kwamba abaki na nyumba yake na asimtafute tena, kisha akazima simu. Jumamosi Emrys aliondoka kabla ya saa nne, mashuka ameyakunja, kama mgeni yeyote.

Oktoba, mafundi wasiojulikana walikuja na gari, wakang'oa kibao chenye jina la Tŷ Halen na kupigilia kingine chenye jina la ndege kwa Kiingereza. Heledd akampigia dalali. Yule mwalimu, akaambiwa, alijitoa Ijumaa ileile, na nyumba ikaenda kwa watu wa mbali. Hasira hasara, na hii ilikuwa yake peke yake. Alikaa ukutani akalia, kisha akampigia Emrys.

"Kwa nini ulijitoa?"

"Uliniambia nisikutafute. Ningekaaje mlango wa pili?"

"Nilidhani unataka nyumba ya Agosti."

"Nilikuwa nimeomba kazi shule ya huko, Heledd. Nilitaka jibu lije kwanza ndipo nikwambie."

"Ungesema."

"Nawe ungeuliza. Swali lilikuwa moja tu, nitakaa miezi mingapi."

Heledd alifuta pua kwa aproni. "Miezi mingapi?"

"Kumi na miwili. Kazi nimepata, naanza Januari. Natafuta chumba, na kila siku naomba nisikutane nawe dukani."

"Utakutana nami," Heledd akasema. "Mama ana chumba cha nyuma. Kina baridi, na atakuhoji ukoo wako hadi babu wa saba. Njoo, Emrys. Nyumba nimeipoteza mimi, sitaki kukupoteza na wewe."

Alikuja. Aprili walioana katika kanisa la kijiji, na njia ya kwenda kanisani inapita mbele ya nyumba ile. Madirisha yalikuwa yamefungwa hadi Agosti. Bibi harusi aliitazama, akamshika Emrys mkono, na hata siku hiyo kuipoteza kulimuuma.