Tulitengeneza Sola Pamoja, Akaondoka Nayo Peke Yake

Nina miaka hamsini na mitano, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi Kanyangi kwa ndugu yangu. Machozi yameniishia, wasomaji wenzangu, ndiyo maana leo naweza kusema.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifundisha kemia katika shule moja ya upili karibu na Mwingi. Mume wangu, Mutua, alifundisha fizikia hapo hapo. Stima haikuwepo. Sola za kioo zililetwa na malori, na nyingi zilifika zimepasuka. Mutua akaniuliza, kwa nini tusitengeneze sola inayokunjika kama mkeka?

Kila Jumamosi tulikuwa maabara. Tulipaka bati jembamba unga mweupe, ule unaotiwa kwenye rangi ya ukuta, tukalichoma kwa jiko la makaa. Kisha nilililoweka katika maji ya matunda ya zambarau niliyoyachemsha mwenyewe. Rangi ya tunda ilinasa jua, na ule unga ukaupokea umeme.

Tulishindwa kwa muda mrefu... Halafu siku moja sindano ya mita ya kupimia umeme ikasogea. Nikalikunja lile bati, sindano ikabaki pale pale! Mutua alinikumbatia mbele ya wanafunzi.

Furaha haikudumu. Nilikuwa nikisafisha bati kwa spiriti, kumbe jiko bado lina makaa ya moto. Moto ulinishika mikono yote miwili. Nililazwa Kitui kwa miezi, na nilipotoka vidole vilikuwa vimegandana. Chaki sikuweza kuishika. Kazi ikaniponyoka.

Mwaka huo huo Mutua alipata nafasi ya kusoma ng'ambo. Alifunga mabati yote mazuri mzigoni, akanishika bega.

"Mama Mwende, nikifika nitawaambia tulikuwa wawili."

Nilimwamini. Ni mke gani asingeamini?

Mwanzoni salamu zilikuja. Halafu kimya... Nilimlea binti yetu Mwende kwa kuuza ndengu, huku mama mkwe akinituliza kwamba masomo ni magumu.

Mama mkwe alipofariki, Mutua alirudi kwao Makueni kumzika. Alikuja na mke mwingine. Matangani kila mtu alimsifu kwa sola aliyoitengeneza peke yake. Nilingoja watu watawanyike, nikamuuliza kama aliwahi kunitaja.

"Kazi moja, jina moja linatosha," alisema bila kuinua sauti. "Na wewe, ungeiendeleza kwa mikono gani?"

Niliificha mikono ndani ya leso, nikaondoka.

Niliporudi Mwingi niliomba kulipima bati moja bovu lililobaki maabara. Sindano haikutikisika. Rangi ilikuwa imekauka, imebaki doa la kahawia.

Dada zangu, mpendeni mume, mfanye kazi naye. Lakini ulichokifanya kiseme kwa mdomo wako, mbele ya watu, mapema. Usingoje kutajwa na mtu. Mimi nilingoja... na hakuna mahali popote, hapa wala ng'ambo, panapojulikana kwamba niliwahi kuwepo.