Mgeni wa Basi la Uwanja wa Ndege

Mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza kwa nini ilikuwa siku ile. Kondakta wa basi la uwanja wa ndege alikuwa ameyasema maneno yale miaka nenda rudi, na viti havikuwahi kumjibu. Kila walipofika kituo cha mwisho, penye lango la mji wa kale, abiria wakishakokota masanduku yao na kupotelea vichochoroni, alipita kati ya viti kutazama kilichosahauliwa, kisha akapaza sauti: "Aliyebaki hana pa kwenda, twende kwetu!" Dereva alicheka, wakafunga milango. Ulikuwa utani wa watu waliochoka.

Siku ile, jua bado likiwaka, kiti cha nyuma kikasema, "Haya."

"Umesikia?"

"Mimi nasikia njaa tu, dada," dereva akajibu. "Funga twende."

Kondakta aliinama kutazama chini ya viti. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ubaridi tu, na harufu ya sanduku jipya ambalo halijafunguliwa.

Alitembea kwenda nyumbani, njia ya mawe anayoijua hata akifumba macho. Nyuma yake magurudumu ya sanduku yalikuwa yakigonga mawe, ka-ka-ka. Aliposimama, yakasimama. Aligeuka akaona kichochoro kitupu na mashuka yaliyoanikwa.

Baba yake, mzee ambaye macho yake yaliacha kuona siku nyingi, alikuwa amekaa kitandani, uso umechangamka kama wa mtoto.

"Rudisha mlango taratibu," alinong'ona. "Kaka yako kajilaza. Katoka mbali."

"Baba, humu hamna mtu."

"Umeanza wivu wako."

Kaka mwenyewe alikuwa hai. Aliondokea uwanja ule ule, kondakta akiwa bado binti wa shule, akapata kazi, mke na nyumba huko alikokwenda. Mwanzoni alikuwa akisema atakuja mwaka ujao. Baadaye hata hilo aliacha kulisema. Mama yao alizikwa bila yeye. Pengine alikuwa na sababu zake. Watu wa mbali huwa nazo.

Tangu siku ile nyumba ikawa na sauti mbili. Akiwa jikoni, kondakta alimsikia baba akicheka, na sauti nyingine, ya kaka kabisa, ikimuuliza mambo ya zamani. Iliuliza tu. Yenyewe haikusimulia kitu. Mzee aling'aa kwa furaha na kukonda kwa pamoja, mpaka mkanda ukawa haumshiki, ingawa sahani ilirudi tupu kila mara. Ndipo binti alipochungulia penye ufa wa mlango wakati wa chakula cha mchana, akamwona baba yake akimega tonge, akilibonyeza vizuri kama mtu amlishaye mtoto, akilinyanyua mbele yake hewani mahali pasipo na mtu, na tonge likaingia mahali hapo likatoweka, na mkono ukarudi mtupu, ukamega jingine, na jingine, huku ile harufu ya sanduku jipya ikipenya ufani.

Jirani alimletea mganga, mama mnene mwenye mkoba wa nailoni, ambaye alifika kizingitini akakataa kuvuka.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," kondakta alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa natania."

"Wao hawajui utani, mwanangu. Hawa wasafiri hawana kwao, na hawaingii wasipoitwa. Wewe ulimwita, ila mzee ndiye aliyempa jina. Basi mimi simwezi, na wewe humwezi. Mzee ndiye amtoe."

"Na asipomtoa?"

"Sasa hivi anakula mkononi mwake. Matonge yakimchosha, atakula mkono."

Jioni kondakta aliketi miguuni pa kitanda. "Baba, yule si kaka."

"Unadhani mimi kipofu wa kila kitu? Kaka yako ana kovu kidoleni. Huyu vidole hana."

"Sasa mbona unamlisha?"

"Kwa sababu amekuja."

Binti alitaka kunyamaza, kama alivyozoea. Lakini yalimtoka. "Na mimi je? Mimi si nakuja kila siku?"

Mkono wa mzee ulipapasa shuka kutafuta mkono wa binti, haukuufikia, na binti hakuusogeza wake. Pembeni mwa chumba kitu kilivuta pumzi kama kinasubiri jibu.

Asubuhi mzee aliomba viatu. Ilikuwa imeamuliwa, na hakusema aliamua saa ngapi.

Dereva alipomwona akipanda, alitania, "Mzee, leo unakwenda Ulaya?"

"Namsindikiza mtu."

Alikaa kiti cha nyuma, mkono mmoja ameukunja kama aliyeshika mkono wa mwenziwe, na njia nzima hakuna abiria aliyekaa karibu naye, ingawa wengine walisimama. Uwanjani binti alimfikisha mbele ya milango ya vioo, akarudi nyuma hatua chache. Mzee alifungua vidole kimoja kimoja.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ukifika usiniambie utakuja."

Vioo vikafunguka bila mtu kuvisogelea. Vilikaa wazi muda mrefu, ubaridi ukatoka, kisha vikafungika.

Walirudi kwa basi lile lile. Karibu na lango la mji wa kale dereva aliuliza kwa sauti ndogo kama mgeni ameondoka kweli. Mzee alisema amemfukuza mwanawe. Hakutaja yupi, na binti hakumuuliza.