Safu ya Mwisho Kulia

Nyumbani naitwa Kidole. Mama ndiye aliyenipa jina hilo, kwa sababu tangu nianze kutambaa hakuna kitufe nilichokiona nikakiacha salama. Zamani lilinichekesha.

Kila siku nikitoka shule nilipitia zahanati, maana mama alikuwa mtoa dawa pale. Nilikaa nyuma yake kwenye kistuli nikifanya hesabu zangu. Daktari aliandika dawa kwenye karatasi, mgonjwa akaileta dirishani, na mama akatafuta jina lake kwenye kompyuta: umri, uzito, dawa alizowahi kupewa, na katika safu ya mwisho kulia, Tahadhari. Hapo ndipo zilipoandikwa dawa ambazo mwili wa mtu hauzitaki kabisa. Daktari mwenye wagonjwa sitini anaweza kusahau, kwa hiyo mama hakutoa hata kidonge kimoja kabla ya kuisoma safu ile.

Skrini yenyewe ilikuwa kuukuu, na kompyuta haikuitambua. Fundi wa kompyuta, aliyepita kila Ijumaa, alilazimika kufungua dirisha jeusi na kuiandikia amri: vinukta 1024 kwa upana, 768 kwa urefu. Siku moja aliponiona nimenyoosha shingo, alinivutia kiti.

"Njoo, Kidole. Ila hapa kuna masharti. Kwanza, andika kwenye daftari hili ilivyokuwa kabla hujagusa. Pili, kila amri mpya iongezee mkia huu: baada ya sekunde ishirini, rudi ilivyokuwa. Ukikagua pembe zote nne ukaona mambo ni shwari, ndipo unaufuta mkia. La sivyo skrini inaweza kuzimika, ubaki unapapasa."

"Na nisipofanya hivyo?"

"Basi usiguse."

Nilicheka. Fundi yule alikuwa na sheria nyingi kama mwalimu wa zamu.

Sasa, macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka. Alikuwa akiisogelea skrini mpaka pua inakaribia kuigusa, na jioni kichwa kilimuuma. Nilimwonea huruma. Jumanne moja alipokwenda stoo, nilifungua dirisha jeusi nikaandika 800 kwa 600. Maandishi yakakua, makubwa, ya kupendeza. Daftarini sikuandika kitu. Mkia wa sekunde ishirini niliuona unanichelewesha tu, nikauacha. Kisha nikaiweka amri yangu kwenye faili la kuwashia mashine, ili idumu.

Mama aliporudi alishika kiuno. "Alaa! Nani kanipa macho mapya?"

Alikuwa amenikataza kugusa mashine ile peke yangu. Ulimi ukaniteleza. "Fundi alipita mara moja, mama."

"Huyo baba ana utu," akasema, akaendelea na kazi.

Nilichokuwa sijakiona ni kwamba orodha ya wagonjwa ilikuwa pana kuliko skrini ilivyokuwa sasa. Safu ya mwisho ilikuwa imebaki nje, upande wa kulia. Kesho yake mama aliuliza, "Mbona Tahadhari siioni?" Lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni na watoto wanalia, akasema atamuuliza fundi Ijumaa. Ijumaa fundi aliumwa, hakuja. Mimi nilisikia yote hayo nikainamia hesabu zangu.

Jumatatu alikuja mshona viatu wa mtaa wetu. Alikuwa mzee mcheshi, na viatu vyangu vya shule vilikuwa kibandani kwake. Alikuwa amejichoma shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi, na kidole kilivimba usaha. Daktari alimwandikia penisilini. Mama akaangalia skrini, hakuona kitu, akampa.

Mzee alimeza vidonge viwili vya kwanza pale pale dirishani. "Kesho njoo uchukue viatu," akaniambia. "Nimekutilia soli itakayodumu mpaka uolewe."

Hakufika getini. Nilimwona akijikuna shingo, kisha akaegemea ukuta. Midomo ilikuwa imefura, na pumzi yake ilipiga mluzi. Mama aliruka kaunta. Daktari akaja mbio na sindano, wakamlaza chini, na gari la wagonjwa lilipomchukua kwenda hospitali kubwa, macho yake yalikuwa yamefumba. Kofia yake ilibaki kwenye vumbi.

Siku iliyofuata daktari alimwita fundi. Tulikuwa wanne chumbani: daktari, mama, fundi na mimi. Fundi alifungua dirisha jeusi, akabonyeza kitufe cha kurudia amri zilizopita, akaisoma iliyotokea. Kisha akaandika 1024 kwa 768. Maandishi yakanywea, na safu ya mwisho ikatokea. Kwenye mstari wa mshona viatu palikuwa na maneno mawili: ASIPEWE PENISILINI.

Mama alifunika mdomo. "Nimemuua mtu," akasema.

"Nani alibadilisha?" daktari akauliza.

"Si mimi," fundi akajibu. "Daftari langu hilo hapo, halina badiliko lolote."

"Mwanangu aliniambia ulipita," mama akasema kwa sauti ndogo.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi pale, ningeweza kusema. Badala yake nikasema, "Ndiyo. Alipita."

Fundi alinitazama. Hakufoka. Alitoa funguo za zahanati mfukoni, akaziweka mezani. "Nitakuja Ijumaa kuchukua vifaa vyangu," akamwambia daktari, akatoka.

Jamani, siku mbili zile! Mama hakula. Alikaa kitandani akihesabu vidole vyake kama mtu aliyepoteza kitu. Nilipita kibandani kwa mzee, kimefungwa, na kwenye upenyo wa mbao niliviona viatu vyangu vimepangwa, vimeng'arishwa. Mkewe alikuwa ameketi nje. "Bado anapumua kwa mashine, mjukuu wangu," akaniambia. "Viatu atakupa mwenyewe, Mungu akipenda."

Alhamisi asubuhi, mama alipokuwa akinisuka, niliushika mkono wake. "Mama, fundi hakupita. Nilibadilisha mimi."

Kitana kilisimama kichwani mwangu. Nilingoja kofi. Halikuja. Alilia kimya kimya, machozi yananidondokea shingoni, na hilo lilinichoma kuliko kofi. Kisha akajifuta na mtandio. "Simama. Tunakwenda kwa daktari wote wawili. Na mimi nina langu. Safu nzima ilipotea nikaendelea kutoa dawa."

Daktari alimpa mama onyo la maandishi. Mimi nikapigwa marufuku kuingia chumba cha dawa. Ijumaa daktari alimwomba fundi radhi mbele ya wafanyakazi wote, akamrudishia funguo. Siku hiyo hiyo habari zikaja kwamba mzee ametolewa mpira kooni. Angeishi. Lakini sauti yake haijarudi mpaka leo. Akitania sasa, inabidi umsogelee ndiyo usikie.

Nilimfuata fundi mlangoni, nikamwomba msamaha. Alinipa daftari na kalamu. Niliandika tarehe ya ile Jumanne, ilivyokuwa, nilivyoifanya, na aliyebadilisha: mimi. Mstari uliofuata fundi alikuwa ameshaujaza siku aliyoirudisha skrini, ikabidi nibane maneno pembeni.

"Siku niliyoitwa na daktari niliiona amri yako kwenye mashine," fundi akasema. "Nikajua si yangu. Haikuwa na mkia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri urudi mwenyewe. Ungefika leo hujasema, ningesema mimi, maana nami nina watoto wa kulisha." Akalifunga daftari. "Sikiliza, mwanangu. Kumtakia mama yako maandishi makubwa si dhambi. Kila mtu hukosea mbele ya mashine, ndiyo maana tukaweka zile sekunde ishirini. Lakini mama yako alipouliza nani kafanya, zilikuwa sekunde zako. Ungesema 'ni mimi', ningeitwa siku ile ile, na mzee angekuwa anaimba kibandani kwake."

Kesho yake nilikwenda kuchukua viatu. Mkewe ndiye aliyenipa.