Waokaji Hawakohoi

Kwa miaka mingi chai ya asubuhi mtaani kwetu ilinywewa na mkate wa mume wa msusi. Yeye ndiye aliyechekecha unga. Yeye ndiye aliyekanda na kuingiza trei kwenye tanuri. Watu walipoamka, kazi yake ilikuwa imeshafika dukani, ya moto.

Sasa alikuwa nyumbani. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akimenya viazi.

"Baba Watoto," mkewe alimwita, "hicho ulichobakiza ni kiazi au ni karanga?"

"Nimetoa ganda tu, mke wangu."

"Umetoa ganda, umetoa na kiazi. Nipe kisu kabla hatujalala njaa."

Mume alicheka. Kifua chake kikapiga filimbi. Kila alipocheka kilipiga filimbi, mpaka watoto wake wakampa jina la Birika. Wao waliona ni mchezo. Mama yao hakuona hivyo. Tangu kifua kianze, mumewe alikuwa halali kitandani. Alitandika mkeka chini, akageukia ukutani. Akiulizwa, alisema ni joto.

Msusi alisukia watu barazani. Asubuhi hiyo aliyekaa mbele yake ni jirani yao, Shangazi Msumari. Mama huyu alifanya kazi kiwanda cha nyuzi ujana wake wote. Walimwita Msumari kwa sababu akishaingia mahali, kumng'oa ni kazi.

"Jumatatu narudi tanurini," mume alisema ghafla. "Msimamizi amekubali."

Mikono ya msusi ilisimama katikati ya nywele.

"Unarudi wapi?"

"Kazini. Tutakula nini? Mfuko wamekataa."

"Nani amekataa?" aliuliza Shangazi Msumari, akitaka kugeuka.

"Tulia, shangazi, mstari utapinda."

"Acha upinde. Nani amekataa?"

Basi mume akaeleza. Kila mwezi mshahara wake ulikatwa kwa ajili ya Mfuko wa Wafanyakazi. Alikatwa tangu ana nywele nyeusi. Mfuko huo hulipa mafao ya ugonjwa kwa mtu aliyeacha kazi kwa sababu ya afya. Lakini alipokwenda kuomba, karani alifungua jalada lake na kutikisa kichwa. Mwajiri alikuwa ameandika kwamba huyu bwana ameacha kazi kwa hiari yake, amekwenda kufanya biashara.

"Biashara gani?" mkewe aliuliza.

Mume aliokota kiazi kingine.

"Nakuuliza wewe, baba. Biashara gani?"

"Nilimwambia msimamizi nakwenda kuuza mitumba."

"Mitumba? Wewe ambaye soksi nakununulia mimi?"

"Ndivyo tunavyoaga pale," alisema mume kwa sauti ndogo. "Waokaji hawakohoi."

Hiyo ilikuwa desturi ya kiwanda chao cha mikate. Ukishikwa na kikohozi, unatoka nje. Unakwenda nyuma ya magunia, unamaliza huko, unarudi unatabasamu. Ukishindwa kabisa, unasema unakwenda kulima au kufanya biashara. Wenzako wanakupa mkono, wanakupa mkate wa moto, mnataniana, basi. Zamani mmoja wao alisema wazi kwamba anaumwa kifua. Mtaani ikasemwa kuwa mkate ule una kifua kikuu. Mikate ikarudishwa kwa mafungu, na waokaji wakafukuzwa kazi. Tangu siku hiyo wakafunga midomo ili kulindana.

Tajiri mwenye kiwanda hakuwahi kuwaagiza waseme uongo huo. Hakuwa na haja. Walimfanyia bure.

Shangazi Msumari aligeuka, mstari ukapinda. Kwake hilo lilikuwa jambo geni.

"Sisi tulivuta vumbi la pamba," alisema. "Msimamizi wetu alikuja na karatasi. Akasema, tieni sahihi, muondoke kwa heshima, bila kelele za magonjwa. Tukatia. Rafiki zangu wamezikwa na heshima yao. Mfuko haukuwapa hata hela ya sanda. Sasa sikiliza, mwanangu. Jumatatu huendi kokote. Ulikwenda hospitali?"

"Zahanati, mara nyingi. Kadi ninayo. Wananipa dawa ya maji ya kikohozi."

"Uliwaambia unafanya kazi gani?"

"Hawakuniuliza."

"Usingoje kuulizwa. Mgonjwa akienda kwa daktari, ataje kazi yake kabla hajataja maumivu. Kesho nendeni hospitali kubwa, na hiyo kadi muichukue."

Walikwenda wote wawili. Daktari alikuwa dada mwenye maneno machache. Alimpa mume bomba la kupima pumzi, apulize kwa nguvu zote. Halafu akauliza maswali.

"Siku za mapumziko unajisikiaje?"

"Napata nafuu."

"Ukirudi kwenye unga?"

"Kinabana palepale."

"Una pumu, baba. Imeletwa na vumbi la unga. Umelivuta miaka mingi, na mapafu yako sasa hayalitaki kabisa. Ukirudi kule, itazidi. Inaweza kukuua."

"Inaambukiza?"

"Hapana."

"Hata ukilala karibu na mtu?"

"Hata ukilala karibu na mtu."

"Na mkate? Wale wanaokula mkate?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Baba, wewe hukuudhuru mkate. Unga ndio uliokudhuru wewe."

Mume alivua kofia, akajifuta nayo uso, akaishika palepale usoni. Mkewe akaelewa habari ya mkeka. Alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Daktari aliandika ripoti. Alitaja ugonjwa, akataja kazi iliyouleta, akaandika kwamba mgonjwa asirudi kwenye vumbi la unga.

Shangazi Msumari aliisoma ripoti mara mbili. "Nzuri," alisema. "Sasa mnaomba Mfuko upitie upya uamuzi wake. Hiyo ni haki yenu, si fadhila. Ulizeni siku ya mwisho ya kupokea malalamiko, msije mkaipitisha. Pelekeni ripoti, kadi ya zahanati na karatasi za mshahara. Kila mnachowapa, mbaki na nakala."

"Na karani akitaka kitu kidogo?" msusi aliuliza.

"Mwombe risiti."

Msusi alicheka mpaka akakaa chini.

"Lakini mwajiri ameandika hiari," Shangazi aliendelea. "Tunataka mtu aliyekuona ukiugua kazini."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Ni mkandaji mwenzake, bwana mfupi waliyemwita Kinyunya. Jioni alikuja kumsalimia rafiki yake, nao wakamwomba awe shahidi. Kinyunya alitazama sakafu.

"Kaka, unajua nakupenda. Lakini nikisema hivyo, mikate itarudi. Tutafukuzwa wote."

"Daktari amesema ni pumu ya vumbi la unga. Haiambukizi."

"Haiambukizi?"

"Nimemwuliza mpaka akachoka na mimi."

Kinyunya alifungua mdomo ajibu, kikohozi kikamwahi. Aliinuka kukimbilia mlangoni, kama walivyozoea. Kisha akasimama. Akarudi kwenye kiti, akakohoa palepale, mbele yao, kwa muda mrefu. Rafiki yake alimtazama. Miaka yote walisimama meza moja, na hakujua.

"Samahani, shemeji," alisema Kinyunya.

"Kohoa, shemeji," alisema msusi, akimpa maji. "Kwangu inaruhusiwa."

Walikwenda ofisi ya Mfuko wakiwa wanne. Karani alisema waingie wahusika tu. Shangazi Msumari alikuwa ameshakaa.

"Mzee," karani alimwambia mume, "humu imeandikwa umeacha kwa hiari yako."

Mume alivuta pumzi. Filimbi ilisikika chumba kizima.

"Niliacha kwa sababu sikuweza kupumua. Ile ya biashara niliisema ili wenzangu wasikose kazi. Sina duka wala meza. Nguo niliyonayo ya kuuza ni hii niliyovaa, na mke wangu hatakubali."

"Sikubali," alisema msusi.

"Na mimi nilimwona," alisema Kinyunya. "Nilikuwa nambebea magunia yake. Akitoka nje kukohoa, nilimshikia trei. Andika jina langu. Na mimi mwenyewe nakohoa, andika na hilo."

Karani alisoma ripoti ya daktari. Aliisoma taratibu. Kisha akachukua karatasi zote na kuzigonga muhuri.

"Tutamwuliza mwajiri," alisema. "Mtajibiwa kwa maandishi."

"Nakala yetu," alisema Shangazi Msumari.

Akawapa.

Mfuko ulimwandikia tajiri wa mikate. Safari hii ilibidi aeleze kwa nini mfanyakazi wake alikuwa akikoholea nyuma ya magunia. Majibu ya Mfuko yalipofika, msusi aliyasoma kwa sauti barazani, mteja wake akisubiri nusu kichwa kimesukwa. Mume wake alikubaliwa. Atalipwa mafao ya ugonjwa kila mwezi, na atapata dawa ya pumu ya kuvuta.

Wakaguzi wa afya kazini nao walikwenda kiwandani. Siku hizi unga haumwagwi kutoka juu, unashushwa polepole. Sakafu inafutwa kwa maji, haifagiliwi kavu. Waokaji wanavaa barakoa, na anayekohoa anakwenda hospitali. Watu wakiuliza, Kinyunya huwajibu kwenye dirisha la kuuzia: ni pumu ya vumbi, haiambukizi, unataka mingapi? Hakuna mkate uliorudi.

Mume wa msusi bado anamenya viazi. Sasa anavimenya vizuri kidogo. Kifua hakijapona chote, lakini hakibani kama zamani, na watoto wanalalamika kwamba Birika halichemki.

Siku ile ile ya majibu, msusi alikunja ule mkeka.

"Huu naupeleka barazani," alisema. "Wateja wangu wanakaa chini patupu, na wewe umeulalia miezi yote."

"Nami nitalala wapi?"

"Kwani kitanda tulinunua cha mtu mmoja?"

"Joto, mke wangu."

"Tutafungua dirisha."